Kofia imefika utosini, naogopa sindano tano

Mama Pacha, Nakuru

Hamjambo nyote. Nimefuma tangu nikiwa darasa la sita, na miaka yote hiyo nimefuma bapa tu: skafu, shali za watoto, sweta kipande kwa kipande. Hata kofia nilikuwa naifuma kama kitambaa, halafu naishona nyuma.

Mdogo wangu anaendesha boda boda Molo. Mwezi huu wa Julai anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, ukungu bado umelala barabarani. Mwaka jana nilimfumia kofia ya marvin, akaivaa wiki mbili akaiacha. Nilipomuuliza aliuchukua mkono wangu akanishikisha kisogo chake. Ule mshono wa nyuma ukikandamizwa na helmeti humchora mstari mwekundu, na ikifika saa nne asubuhi kichwa kinamgonga. Niliumia sana, maana mshono ule nilikuwa nimeushona kwa uangalifu wote.

Ndiyo maana safari hii nilinunua sindano ya duara, yaani sindano mbili zilizounganishwa kwa waya, ile fupi ya sentimita 40, unene milimita 4. Nikaanzisha vitanzi 96. Ukingo nimefuma viwili vya kawaida, viwili vya kinyume, ili uvutike, kisha nikaendelea kwa vitanzi vya kawaida mpaka kofia nzima imefika sentimita 15. Ukipitisha kidole ndani pande zote hukuti mshono. Lakini hapo ndipo nilipokwama. Sasa natakiwa kupunguza vitanzi, na vikiwa vichache nihamie kwenye sindano tano za ncha mbili. Kofia ina siku kumi na moja kwenye kikapu.

Hofu yangu ina chanzo. Mwaka 2019 nilijaribu soksi kwa sindano hizo. Nilikuwa kwenye matatu, tumefika Salgaa, gari likaruka tuta na sindano moja ikachomoka. Niliivuta kazi haraka niiokoe, kumbe ndiyo nazidi kuifumua: vitanzi 14 vikashuka mistari minane huku naviona. Soksi niliifumua yote usiku huo, sindano nikampa jirani.

Naomba mnielekeze. Nivuke vipi bila kupoteza kazi yote? Na kuna njia ya kufunga utosi bila sindano hizo tano?

NyarKisumu

Pole dada. Kabla hujapunguza hata kitanzi kimoja, tafuta uzi laini wa rangi nyingine. Mimi hutumia uzi wa pamba wa krosheti. Utie kwenye sindano butu ya kushonea, uupitishe ndani ya vitanzi vyote 96 vikiwa bado kwenye sindano ya duara, na uache mikia mirefu ining'inie nje. Angalia upite katikati ya kitanzi, usitoboe uzi wenyewe wa kofia. Baada ya hapo hata sindano zote zikianguka, vitanzi vitafumuka mpaka kwenye uzi huo na vitasimama hapo. Kofia ikiisha unauchomoa. Huku kwetu joto halituachi, kofia nafumia watoto wachanga tu, lakini hata ile ya vitanzi 60 siifungi utosi bila uzi wa akiba.

Bibi wa Njoro

Mwanangu, huyo wa Kisumu amekuambia kweli. Mimi nikuongezee hesabu, maana hesabu yako ni nzuri: 96 inagawanyika kwa nane bila kubakiza.

Fuma 10, unganisha viwili viwe kimoja. Ukirudia mara nane unabaki na 88. Zunguka mara moja bila kupunguza. Halafu fuma 9, unganisha viwili, uzunguke tena. Halafu fuma 8, unganisha viwili. Hapo una 72, na sindano yako ya duara itaanza kuvuta vitanzi kwa sababu kofia imekuwa ndogo kuliko waya.

Sasa sikiliza vizuri. Vitanzi huvihamishi kwa mkono. Unavifuma tu, kwenye ule mzunguko usio na kupunguza. Fuma 18 kwa sindano ya kwanza ya ncha mbili, iache ining'inie. Chukua ya pili, fuma 18. Hivyo hivyo mpaka nne, na ya tano ndiyo ya kufumia. Wakati wowote ule zinazofanya kazi ni mbili tu, zile tatu nyingine zinangoja. Na kwa kuwa kila sindano ina 18, utapunguza katikati ya sindano na mwishoni mwake, huna haja ya kuhesabu kichwani. Ukifika 48, acha ile mizunguko ya katikati, punguza kila mzunguko mpaka vibaki 8.

Kila ukianza sindano mpya, kaza kitanzi cha pili, vinginevyo utaona pengo kama ngazi kutoka chini mpaka juu. Na usinunue za chuma. Sisi tulijifunzia spoku za baiskeli tulizozinoa kwenye jiwe, na spoku huteleza kama samaki. Tafuta za mianzi, zinashika uzi.

Fundi wa Mbale

Shikamoo Bibi. Dada, kwa swali lako la pili: njia ipo. Nunua sindano ya duara yenye waya mrefu, sentimita 80 au 100. Gawa vitanzi nusu kwa nusu, vuta waya utokeze katikati kama sikio, ufume nusu moja, kisha uvute tena ufume nusu ya pili. Mimi hufungia utosi hivyo kwa sababu nafumia kibandani nikingoja wateja. Hakuna kitu cha kuchomoka.

Mama Pacha, Nakuru

Nimerudi. Shikamoo Bibi, asanteni wote. Nilichagua sindano tano, nilitaka nimalizane nazo. Za mianzi nilizipata mjini. Nilipitisha uzi mwekundu kwenye vitanzi 96, na nilipofika 72 nikapitisha mwingine.

Jana usiku, nikiwa kwenye vitanzi 40, sindano ya tatu ilichomoka. Safari hii sikuvuta kitu. Niliiweka kazi mezani nikaiangalia. Vitanzi 10 vilikuwa vimesimama wazi, midomo juu, vinaningoja! Kimoja tu ndicho kilichoshuka mstari mmoja, nikakipandisha kwa sindano ya krosheti.

Sasa nina 8 na katundu kadogo utosini. Mkia wa uzi niupitishe mara moja au mbili?

Bibi wa Njoro

Mbili. Vuta polepole mpaka katundu kafungike, uingize mkia ndani, uufiche nyuma ya vitanzi. Nyuzi nyekundu zichomoe mwisho kabisa.