Naomba ushauri: kusaka vigawo vya 147,573,952,589,676,412,927 kwa Excel

Wakuu, namba hii ni 2 kwa kipeo cha 67, toa 1. Mwanahisabati Cole alionyesha mwaka 1903 kuwa ni 193,707,721 × 761,838,257,287, kwa hiyo jibu si siri. Ninachotaka ni vijana wa Kidato cha Sita hapa Temeke wakifikie wenyewe.

Kila kigawo tasa lazima kiwe na sura ya 134k + 1, k ikiwa namba nzima, na k ikigawanywa kwa 4 ibakize 0 au 1. Kwa kigawo kidogo cha Cole, k ni 1,445,580, yaani mistari kama 722,790 tu. Inaenea kwenye shiti moja.

Ukiiandika namba yenyewe, Excel inashika tarakimu 15, zilizobaki inazigeuza sifuri. Kwa hiyo tunapiga baki la 2 kwa kipeo cha 67 likigawanywa kwa kila 134k + 1: anza na 2, zidisha jibu kwa lenyewe mara 6, kila hatua ukibakiza baki tu, na ukiongeza maradufu baada ya kila moja ya hatua mbili za mwisho. Baki likiwa 1, umepata. Shida: kigawo kikivuka milioni 94.9, baki likizidishwa kwa lenyewe linaweza kupita 2 kwa kipeo cha 53, na majibu yanadanganya kimyakimya. Kuanza na 1 na kuongeza maradufu tu mara 67 ni salama, ila seli milioni 48 kompyuta zetu haziwezi.

Nivunje baki vipande viwili kabla ya kuzidisha? Fomula ikaeje?