Mageuko ya viumbe na mwanzo wa ulimwengu: ni jambo moja au mawili?

Fundi wa Bunda:
Habari za jioni wakubwa. Binti yangu yuko kidato cha nne, wamefika mada ya mageuko. Ameniuliza kama mageuko yalianza siku ulimwengu ulipoanza, kwenye ule Mlipuko Mkuu. Kanisani kwetu mhubiri alisema ni fundisho moja: ukikubali viumbe hubadilika, umekubali pia kwamba ulimwengu ulijitokeza wenyewe. Mimi ni seremala, shule niliishia la saba. Mwenye kujua anieleze taratibu ili nami nimweleze mtoto.

Mzee wa Ukerewe:
Mwanangu, mimi nimezeekea ziwani na sikatai kwamba samaki hubadilika. Ninachokataa ni kuambiwa mlipuko umezaa mtu. Bomu likilipuka hubomoa, halijengi. Na furu hata abadilike vipi, bado ni samaki.

Mwalimu wa Nyakato:
Shikamoo mzee wangu. Fundi, habari za kazi. Nafundisha baiolojia hapa Mwanza na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeniuliza swali la binti yako. Nalipenda, kwa sababu anayeuliza hivyo ameshaacha kukariri.

Nianze na furu, maana mzee anawajua kuliko mimi. Ziwa letu la Viktoria lina aina zaidi ya 500 za furu, au lilikuwa nazo kabla sangara hajawamaliza wengi. Tope lililochimbuliwa chini ya ziwa linaonyesha kwamba lilikauka, kisha likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Aina nyingi kiasi hicho zimetoka wapi?

Chukua wawili wanaoishi kwenye miamba ya visiwa vya Ghuba ya Mwanza. Mmoja dume lake ni la buluu, kitaalamu anaitwa *Pundamilia pundamilia*. Mwenzake dume ni jekundu, naye amepewa jina la Mwalimu Nyerere: *Pundamilia nyererei*. Wa buluu hukaa juu karibu na mwanga, mwekundu hukaa chini zaidi. Katika maji yetu, kadiri unavyoshuka ndivyo mwanga unaobaki unavyoelekea kwenye wekundu. Samaki waliozaliwa na macho yanayonasa vizuri mwanga mwekundu walifaulu huko chini. Majike wenye macho hayo huwaona vizuri madume mekundu na kuwachagua. Majike wa juu huchagua ya buluu. Watoto hurithi macho na hurithi rangi. Vizazi vikipita, makundi mawili yanaacha kuchanganyika. Hakuna samaki aliyeamua kubadilika. Kila mmoja alizaliwa alivyo, ila baadhi waliacha watoto wengi kuliko wengine.

Na ushahidi unaonigusa zaidi ni huu: pale maji yalipochafuka, kusini zaidi ndani ya ghuba, rangi hazionekani vizuri, majike hawatofautishi madume, na aina hizo mbili zinarudi kuwa moja. Unakuta madume ya rangi ya katikati. Uchafu tunaoumwaga ziwani unafuta kazi ya maelfu ya miaka, na hilo linaniuma.

Sasa angalia kilichohitajika hapo: viumbe wanaozaa, tofauti zinazorithiwa, na mazingira yanayofanya tofauti fulani ziongezeke. Nyota hazina hayo. Jua halizai jua dogo lenye sura ya mama yake. Kwa hiyo mageuko hayaelezi ulimwengu ulitoka wapi, na hayakuwapo hadi kilipopatikana kitu cha kwanza kilichoweza kujinakili. Charles Darwin mwenyewe, mwanasayansi aliyeieleza nadharia hii ya mageuko, kwenye kitabu chake cha 1859 alieleza jinsi aina za viumbe zinavyotokea. Mwanzo wa ulimwengu hakuugusa.

Mlipuko Mkuu nao, mzee wangu, haukuwa bomu. Nafasi yenyewe ilianza kutanuka kutoka hali ya joto kali na msongamano mkubwa, miaka bilioni 13.8 iliyopita. Aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, Georges Lemaître, alikuwa padre Mkatoliki kutoka Ubelgiji. Mhubiri wenu angeweza kuzungumza naye vizuri tu.

Fundi wa Bunda:
Asante sana mwalimu. Kwa hiyo haviungani kabisa? Na miaka 15,000 inatosha kweli kwa aina 500?

Mwalimu wa Nyakato:
Vinaungana kwa malighafi na kwa muda. Dakika za mwanzo zilitoa haidrojeni na heliamu, karibu basi. Kaboni, oksijeni, kalisi ya mifupa na chuma cha kwenye damu vilitengenezwa baadaye na nyota, zikavitawanya zilipokufa. Dunia ikaundwa kwa mabaki hayo miaka bilioni 4.5 iliyopita. Bila nyota hakuna furu. Lakini nyota hazikuamua furu awe mwekundu au wa buluu.

Kuhusu miaka 15,000: furu hawakuanza na mkono mtupu. Vinasaba vyao vinaonyesha wametokana na koo mbili zilizochanganyika zamani, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile ya juu. Tofauti za macho na za mengine mengi zilikuwepo tayari; ziwa lilipojaa zikapangwa upya kwa haraka.

Mzee wa Ukerewe:
Marahaba mwalimu. Hayo ya rangi kupotea kwenye maji machafu nimeyaona kwa macho yangu. Lakini hicho kilichojinakili cha kwanza kilitoka wapi?

Mwalimu wa Nyakato:
Hilo ni swali la tatu, mzee wangu, na bado halijafungwa. Mwaka 1953 Stanley Miller alipitisha cheche za umeme kwenye mvuke na gesi ndani ya chupa, akapata asidi amino, ambazo ndizo zinazojenga protini. Hakupata uhai. Kutoka hapo hadi chembe hai kuna safari ambayo wanakemia wanaifanyia kazi hadi leo, na mwanafunzi anayeipenda kemia ana nafasi kubwa hapo.

Fundi, mwambie binti kwenye mtihani asiandike kwamba mageuko yalianza na Mlipuko Mkuu. Na kama ana nafasi likizo hii aje Mwanza, nitamwonyesha madume yote mawili.