Mjadala: "Maalim, nani kafika Utaridi akachimba?"

Maalim, Wete

Assalaam alaykum. Naleta hoja, na upande nimeshauchagua, sifichi. Nasomesha jiografia sekondari. Juzi mzazi mmoja kanisimamisha njiani: "Maalim, unawambia watoto Utaridi ilitokeaje, nani kafika huko akachimba?" Anataka somo la asili ya sayari liondolewe, saa zake zipewe mwani na maji ya visima. (Na nasema Utaridi, ile sayari iliyo karibu kabisa na jua, si Zebaki. Zebaki kwetu ni ile ya kipimajoto.)

Hakuna aliyechimba. Chombo cha Marekani, MESSENGER, kiliizunguka Utaridi tangu Machi 2011 mpaka kilipoiangukia Aprili 2015. Eksirei za jua zikilipiga jiwe, kila elementi hurudisha eksirei za aina yake, na chombo kikazisoma. Potasiamu na thoriamu zina mionzi ya gama ya asili, nayo ikapimwa.

Kwa nini tuhangaike? Kwa sababu sayari ile ni embe lenye kokwa kubwa, nyama kiduchu. Kutoka katikati hadi juu ni kilomita 2,440, na kama 2,000 kati ya hizo ni kiini cha chuma. Nyama ilikwenda wapi? Wengine walisema jua changa liliichoma ikawa mvuke. Wengine wakasema iligongwa na gimba kubwa, ganda likapeperuka. Zote mbili ni hadithi za moto mkali, kwa hiyo vitu vinavyokimbia moto, yaani vinavyogeuka mvuke upesi, visingebaki. Vimebaki! Salfa inafika asilimia 4 hivi, wakati kwenye ganda la Dunia haifiki hata 0.1. Potasiamu hukimbia moto, thoriamu hukaa. Uwiano wao Utaridi unakaribiana na wa Mirihi, na ni mara kumi na zaidi ya ule wa Mwezi. Hadithi zote mbili chali. Kijana akiona hivyo kajifunza namna ya kumkatalia mtu kwa kipimo.

Mwenye shamba, Donge

Maalim, mimi nalima. Juu udongo mwekundu, kinongo, ukipiga jembe mara mbili unakutana na jiwe jeupe. Uso haukwambii kilichomo. Vipi wenzetu wapime ngozi tu, tena kutoka angani, waseme wamejua maini?

Maalim, Wete

Swali zuri, bwana shamba. Jiwe letu limejengwa na viumbe vya baharini, ndiyo maana halisemi kitu juu ya tumbo la Dunia. Lakini waulize jamaa zetu wa Ngazija: jiwe lao jeusi limepanda kutoka chini likiwa uji, volkano yao, Karthala, ikalitapika. Uso wa Utaridi sehemu kubwa ni lava ya namna hiyo. Na potasiamu na thoriamu, jiwe likiyeyuka, huandamana pamoja kwenye uji. Kwa hiyo uwiano wa juu unafanana na wa chini hata kama wingi wake umebadilika.

Mwanafunzi wa kemia, Tunguu

Shikamoo Maalim. Niwie radhi, umezika watu wawili na aliyekufa ni mmoja. Ya jua kuchoma ganda, sawa, nakubali. Ya kugongwa bado. Kuna hesabu zinazoonesha mgongano wa kuparaza unaweza kung'oa ganda bila kuwafukuza wote wenye kukimbia moto. Na salfa usiitumie hivyo. Chuma juu ya uso ule ni asilimia 2 hivi tu, maana yake sayari iliundwa mahali penye oksijeni haba. Oksijeni ikiwa haba, salfa huyeyuka vizuri ndani ya mawe na kubaki humo. Inatueleza zaidi juu ya oksijeni kuliko juu ya moto.

Halafu chombo kilipita karibu na kaskazini, kusini kilikuwa mbali. Nusu ya sayari tumeiona kwa macho ya mbali. BepiColombo, ya Ulaya na Japani, iliondoka Oktoba 2018 na imepangiwa kufika mwaka 2026. Tungoje.

Maalim, Wete

Marahaba mwanangu. Nimeshikwa. Kesho nafuta ubao.

Mchangiaji, Chake Chake

Kuumba ni kwa Mola, kupima ni kwetu. Mimi sioni ugomvi.

Mama wa mwani, Tumbe

Nimewasoma wote, mnazungumza vizuri. Mimi mwani wangu wa kotonii, ule wenye bei, inaoza kamba nzima bahari ikipata joto. Nimebaki na mwani wa spinosamu ambao bei yake ni ya kuonea haya. Kisima cha nyuma ya nyumba chai haipikiki, chumvi. Jiwe la Utaridi limepimwa potasiamu. Maji yangu nani kayapima? Maalim, nawe ukikosea Utaridi unafuta ubao tu. Huku tukikosea tunalala na njaa.

Maalim, Wete

Bi mkubwa, hapo sina jibu la ubaoni. Ila atakayepima kisima chako ni mtoto aliyefundishwa kuuliza "umejuaje?", na mimi nimelipata swali hilo kupitia Utaridi. Jumamosi nakuja na wanafunzi sita. Maabara yetu ina nitrati ya fedha ya kutosha kuonesha chumvi, tutalinganisha na visima vya jirani.

Mama wa mwani, Tumbe

Karibuni, njooni maji yakiwa yamejaa, yakitoka nipo kwenye kamba. Utaridi bado nasema anasa.