Bx ya mkia wa sumaku inageuka ghafla, ni muungano?

Mwanga_Kigoma: Wakuu, nachora data za THEMIS (satelaiti za NASA) upande wa usiku, kwenye mkia wa sumaku (uga wa Dunia unaovutwa na upepo wa Jua), RE 20 (nusu-kipenyo 20 za Dunia) kutoka Duniani. Bx (sehemu ya uga kwenye mstari wa Dunia na Jua) ilikuwa +20 nT (nanotesla), dakika mbili baadaye −18, kisha ikarudi chanya. Mistari ya uga imekatika na kuungana upya, yaani muungano?

Unyanyembe: Hapana mkuu. Nusu ya kaskazini ya mkia uga huelekea Duniani, Bx chanya. Kusini ni kinyume. Katikati kuna utandu wa mkondo wa umeme, nao hupepea kama tanga lililolegea. Utandu ndio umeipita satelaiti. Tazama Bz (uga wa kaskazini–kusini) na Vx ya ioni (kasi yao kuelekea Jua ikiwa chanya): zikitoka hasi kuwa chanya kwa pamoja, Vx ikiwa mamia ya km/s, hapo eneo la muungano limekupita likirudi nyuma mkiani. Bx peke yake haikuambii kitu.

Ujiji_juu: Faili ni GSM (mihimili inayofuata sumaku ya Dunia) au GSE (inayofuata njia ya Dunia kuzunguka Jua)? Kwenye GSE, By (uga wa pembeni) na Bz huchanganyika, unapata Bz hasi ya uongo.

Mwanga_Kigoma: Duh, ni GSE. Je, sumakumita ya hapa Tabora itaona tufani ndogo ya mkiani (substorm)?

Unyanyembe: Kidogo. H (sehemu ya mlalo ya uga) hupanda nT chache, pengine makumi, karibu saa saba usiku, ndiyo katikati ya usiku wa jua huku. Fukia kihisi, mbali na mabati na pikipiki. Joto likibadilika kipimo huteleza.