Kupasha mwili kwa dakika 20: je, utafiti wa Ulaya utawafaa wasichana wangu wa Mtongwe?

MwalimuMtongwe

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na jioni ni kocha wa timu ya wasichana huku Mtongwe, upande wa Likoni. Nina wachezaji 22, wa miaka 13 hadi 17. Tunafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi baada ya shule, na Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Kiwanja ni mchanga mtupu, na nyuma ya goli moja mizizi ya mwembe imetokeza juu.

Mwezi wa tisa beki wangu wa kati, mtoto wa miaka 15, aliruka kupiga kichwa mpira wa kona. Akatua kwa mguu mmoja, goti likaingia ndani, akaanguka. Hakuguswa na mtu. Nilikuwa karibu, nikasikia mlio kama kuni kavu inavunjwa. Hospitalini tukaambiwa kano ya katikati ya goti imekatika. Mama yake huuza mahamri asubuhi njia ya kwenda feri. Siku ile hakunilaumu, aliniuliza tu: "Mwalimu, jambo hili lingeweza kuzuilika?" Nilinyamaza. Tangu siku hiyo nalitafuta jibu lake.

Katika kusoma nimekutana na mpango wa kupasha mwili uliotengenezwa na madaktari wa FIFA pamoja na watafiti wa Oslo, unaitwa 11+. Ni mazoezi 15 ya dakika 20 hivi: kukimbia polepole, kisha nguvu, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, halafu kukimbia kwa kasi na kugeuka. Hauhitaji kifaa chochote zaidi ya mpira. Walioujaribu kwa wasichana wa Norwe wanasema majeraha yalipungua sana.

Sasa wazee wanaokaa chini ya ule mwembe, na wengine wao wamecheza mpira wa kweli, wananiambia hayo ni mambo ya watoto wa Ulaya wenye nyasi na viatu vizuri. Nami nina wasiwasi wangu. Siku za shule nina dakika 75 tu kabla ya magharibi, kwa hiyo dakika 20 ni zaidi ya robo ya muda wote. Na hata nikiufuata mwaka mzima, nitajuaje kwamba umesaidia, na timu yangu ni watu 22 tu? Naomba anayejua anieleze kwa dhati. Sitaki kuwafanyia watoto wa watu jambo kwa sababu tu nimelisoma mahali.

Beki_wa_Zamani

Pole sana kwa mtoto, Mwalimu. Mimi nimecheza beki wa kushoto miaka kumi na moja, mechi nyingi pale Mbaraki. Tulikaa chini, tukanyoosha miguu, kocha akahesabu hadi thelathini, tukabadilisha mguu, basi. Sikuwahi kuumia goti hata siku moja. Kunyoosha misuli ndiko kunakolinda. Hizo dakika 20 naona zitawachosha kabla mpira haujaanza, na hili joto letu mnalijua.

Fizio_Tudor

Mwalimu, pole, na ahsante kwa kuuliza. Magoti kama hayo ndiyo kazi yangu ya kila wiki.

Nianze na kaka Beki, kwa heshima. Wewe hukuumia na namshukuru Mungu kwa ajili yako. Lakini walioumia katika timu yenu waliacha mpira, hawapo leo kuandika hapa. Tukiwauliza waliobaki pekee tutadhani kila walichofanya kiliwalinda. Kunyoosha misuli kumepimwa. Mwaka 2000 lilitolewa jaribio lililofanywa kwa makuruta 1,538 wa jeshi la Australia: nusu walinyoosha misuli kabla ya mazoezi, nusu hawakunyoosha. Majeraha ya miguu yalilingana. Si dhambi kunyoosha, ila usitegemee kwamba kutalinda goti.

Mwalimu, huyo binti yako aliumia vile wengi wao wanavyoumia: kutua au kugeuka ghafla, bila kuguswa, goti likianguka ndani. Na wasichana hupatwa na jeraha hili zaidi ya wavulana wanaocheza mchezo uleule. Mazoezi ya 11+ yanaufundisha mwili kutua goti likiwa juu ya vidole vya mguu, likikunjwa laini, na misuli ya nyuma ya paja ikishika kazi mapema. Lile zoezi la kupiga magoti, mwenzako akakushika vifundo, ukajiachia mbele polepole, ni la misuli hiyohiyo. Denmaki walilijaribu kwa wanaume wa timu 50, na majeraha ya nyuma ya paja yakapungua kwa zaidi ya nusu.

Utafiti uliousoma ulichapishwa 2008. Vilabu vilikuwa 125 na wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, umri uleule wa wako. Vilabu viligawanywa kwa kura, vingine vikapewa mpango, vingine vikaendelea kama kawaida. Majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale mazito kwa karibu nusu.

Kuna jambo lililotangulia hapo, nami naliona ndilo lenye faida kubwa kwako. Kabla ya 11+ kulikuwa na mpango wa kwanza ulioitwa "The 11". Nao ulijaribiwa kwa wasichana wa Norwe, zaidi ya 2,000. Haukupunguza chochote. Timu nyingi ziliuanza vizuri, halafu zikaulegeza kadiri msimu ulivyosonga. Watafiti hawakuficha matokeo, waliyachapisha, wakaurekebisha: wakaongeza mbio, wakaweka ngazi tatu za ugumu ili wachezaji wasichoke na zoezi lilelile. Huo ndio uliofanya kazi. Kwa hiyo ukiufanya wiki tatu kisha ukauacha, utakuwa umepoteza hizo dakika bure kabisa.

Kuhusu "mambo ya Ulaya": mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio la mpango huuhuu huko Lagos, Nigeria. Timu 20, vijana 416 wa miaka 14 hadi 19. Waliofuata mpango walipata majeraha machache kwa asilimia 41, na ya miguu kwa asilimia 48. Ni wavulana, hilo nalisema wazi. Lakini Lagos ina joto na unyevu kama wetu.

Na usihesabu kwamba umepoteza dakika 20. Lazima ungewapasha mwili kwa namna fulani. Ukiacha ule mzunguko wa kukimbia na ile kukaa chini kunyoosha, utaona unaongeza kama dakika nane tu. Siku ya mechi fanya sehemu za kukimbia peke yake, ya kwanza na ya mwisho.

Mzee_wa_Matuga

Mwanangu Mwalimu, mimi mpira siujui. Nilikuwa afisa wa kilimo, sasa nalima mahindi na mihogo yangu Matuga. Nakujibu lile la tatu, la utajuaje, kwa sababu hilo lilizaliwa shambani.

Chukua shamba langu. Upande mmoja pana kichuguu, na mahindi yanayokizunguka hunawiri kila mwaka hata mbegu ikiwa mbovu. Nikipanda mbegu mpya karibu na kichuguu na ya zamani kule kwenye changarawe, mbegu mpya itashinda, nami nitakwenda kuwadanganya majirani bila kujua. Bwana Ronald Fisher aliingia kituo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, akakuta rekodi za mashamba za miaka mingi zenye tatizo hilihili. Dawa yake ilikuwa kugawa shamba vipande vingi na kupiga kura kipande kipi kipate nini, ili neema ya kichuguu iangukie pande zote. Madaktari wakaichukua njia hiyo baadaye, na hao wa mpira wa Norwe nao. Kwa hiyo Fizio anaposema vilabu viligawanywa kwa kura, jua ni mambo ya wakulima hayo.

Sasa timu yako ni kipande kimoja tu. Goti kukatika ni jambo la nadra. Mwaka unaweza kupita bila mpango wowote na asiumie hata mmoja, na mwaka mwingine ukafuata mpango vizuri na akaumia mmoja. Ukihukumu kwa hayo utakosea pande zote mbili. Hesabu iliyokuwa kubwa ya kutosha imeshafanywa na wenzako, ichukue. Wewe hesabu kinachohesabika kwako: mazoezi yamefanywa mara ngapi, nani alikuwepo, na je, wanatua sawa kuliko mwezi uliopita.

Lakini wazee wa mwembeni usiwadharau. Wana haki kuuliza kama jambo la kwingine litafaa hapa. Nimewaona watu wa huku wakinunua mbegu ya mahindi ya H614 kwa sababu jamaa yao wa Kitale alivuna magunia. Mbegu ile ni ya milimani, hukaa shambani miezi sita au zaidi. Mvua zetu za mwaka hukatika nayo bado haijakomaa, ukabaki na mabua mazuri ya kulisha ng'ombe. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Mtwapa kikatoa mbegu za Pwani, PH1 na PH4. Utafiti wa Kitale haukuwa mbaya, ila ardhi na mvua ni nyingine. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: kitu gani kinafanya jambo hili lifaulu, na je, kitu hicho tunacho? Kwa mahindi ni mvua na joto. Kwa goti, kama nimemwelewa Fizio, ni jinsi mtoto anavyotua. Mtoto wa Mtongwe na mtoto wa Oslo wana goti la aina moja.

Makanga_Ukunda

Mwalimu, mimi ni makanga, Likoni–Ukunda. Nimesoma majibu yote na hilo la "wakaulegeza" limenigusa, maana hata sisi tumepimwa hivyo.

Mnakumbuka stika za Zusha ndani ya matatu? Zile za kumwambia abiria afungue mdomo dereva akikimbiza. Watu walidhani ni matangazo tu. Ulikuwa utafiti wa akina James Habyarimana na William Jack wa chuo cha Georgetown. Jaribio la kwanza lilihusu matatu za safari ndefu hapa Kenya: zaidi ya 1,000 ziliwekwa stika, zimechaguliwa kwa bahati nasibu, wakalinganisha na zisizokuwa nazo. Hawakumuuliza dereva kama ameacha kukimbiza, maana angejibu ndiyo. Waliangalia madai ya bima. Kabla ya hapo kwa mwaka madai yalikuwa kama 10 kwa kila magari 100. Kwenye magari yenye stika yakapungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Jaribio kubwa zaidi lililotolewa 2015 lilionyesha robo hadi theluthi moja.

Stika haishiki breki, Mwalimu. Kilichofanya kazi ni watu waliomo ndani. Siku moja pale Waa dereva wangu alikuwa anapita lori kwenye kona, mama mmoja akapiga bati, akasema: "Dereva, sisi si magunia ya nazi!" Gari zima likaitikia. Alirudi nyuma ya lori na hadi Ukunda alikwenda taratibu. Mimi peke yangu nisingeweza kumwambia, ningekosa kazi.

Na wale watafiti walijua stika zitabanduliwa. Wakaweka bahati nasibu ya kila wiki: dereva akikutwa nazo zote mahali pake, ana nafasi ya kupata pesa. Ndiyo zikabaki. Kwa hiyo wewe tafuta namna ya kuufanya mpango ubaki siku ambazo wewe umechelewa feri. Wape wasichana wenyewe waushike. Kocha akisema peke yake ni kama makanga akisema peke yake.

Beki_wa_Zamani

Fizio, hilo la walioumia kutokuwepo hapa limenilaza macho. Nimewakumbuka watatu kwa majina. Mmoja tulikuwa tunamwita mvivu kwa sababu goti lilikuwa linamwachia kila akigeuka. Nasikitika. Mwalimu, Jumamosi nikiwa huru nitakuja kusaidia kuwashika vifundo.

MwalimuMtongwe

Ahsanteni, nimechelewa kurudi, ni mitihani ya mwisho wa muhula. Tumeanza, hii ni wiki ya nne.

Nimefanya kama alivyosema Makanga. Nahodha na wenzake wawili ndio wanaoongoza, mimi nasimama pembeni. Alhamisi iliyopita feri ilikwama, nikafika saa kumi na moja na robo, nikawakuta wameshamaliza sehemu ya pili bila mimi. Katika mazoezi 11 tumefanya mpango mzima mara 9, na mara mbili nusu kwa sababu ya mvua. Zile mbio za mzunguko nimeziacha. Wiki ya kwanza walilalamika mapaja yanauma. Wiki ya tatu walikuwa wanashindana nani atajiachia mbele chini zaidi kabla ya kushika mchanga.

Nimewapiga video kwa simu wakiruka na kutua, siku ya kwanza na jana. Mara ya kwanza 14 kati ya 22 magoti yaliingia ndani waziwazi. Jana walikuwa 8. Mzee wangu wa Matuga, najua hiyo si dalili ya majeraha kupungua, nimeiandika tu kama ulivyoniagiza, kwa kuwa ndiyo inayohesabika.

Mama wa mahamri nilimpelekea jibu lake. Nilimwambia ukweli: kwa mtoto mmoja hakuna awezaye kusema, lakini kwa watoto wengi, ndiyo, mengi yangezuilika, na mimi sikujua. Alikaa kimya kidogo, akanifungia mahamri manne kwenye gazeti.

Binti mwenyewe ndiye mshika daftari sasa. Anakaa kwenye tairi kando ya kiwanja, mguu ameunyoosha. Akiona goti la mwenzake linaingia ndani, anaita jina lake kwa sauti.

Fizio, una nafasi Jumamosi hii? Wanne wako tayari kwa ngazi ya tatu na sitaki kuwapandisha kwa kukisia. Ukivuka na feri ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi utatukuta, na Beki ameahidi kuwepo.

Fizio_Tudor

Nitakuja, Mwalimu. Usiwaongeze kitu kabla sijawaona wakitua.