Nyayo zote mbili zimepasuka ila kiganja ni kimoja tu: tuanzie kipimo gani?

Mti_Mkavu
Wakuu, habari za wakati huu. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya ngozi. Mgonjwa ni mama wa miaka 46. Nyayo zote mbili kavu, visigino vina nyufa, na mbili kati ya hizo zinatoa damu akitembea. Kiganja cha kulia nacho kimekauka, kina ungaunga mweupe kwenye mistari, lakini cha kushoto ni laini kabisa. Kuwasha kupo, si sana. Kucha ya dole gumba la mguu imekuwa nene na ya njano. Alipewa krimu ya betamethasoni (steroidi, dawa ya kutuliza wekundu), akapaka wiki tatu, wekundu ukapungua. Alipoacha ukarudi na kupanda hadi ubavuni mwa mguu, sasa ameanza kupaka tena. Hajafanyiwa kipimo chochote.

Kibwagizo
Magaga hayo mkuu. Aloweke miguu, asugue na jiwe, apake mafuta ya mgando, avae soksi alale. Mwezi haufiki.

Hadubini
Kibwagizo, ungepatia kama ni visigino peke yake. Magaga ya kawaida hukaa ukingoni mwa kisigino. Ngozi ya wayo haina vitezi vya mafuta, ikikauka inakakamaa. Mtu akikanyaga, nyama ya kisigino inatanuka pembeni, na ngozi iliyokakamaa haitanuki nayo, inachanika. Ndiyo maana viatu vilivyo wazi nyuma huzidisha tatizo. Lakini magaga hayapandi kiganjani, sembuse kuchagua mkono mmoja.

Nyayo mbili, kiganja kimoja, unga kwenye mistari na kucha nene: hapo wa kushukiwa kwanza ni fangasi, kwa hiyo anzeni na kipimo chake. Kuna aina inayofunika wayo wote hadi ubavuni, ukiutazama mguu unaona kama umevaa kiatu cha ngozi kavu. Watu wanaikosa kwa sababu wanasubiri majimaji na harufu katikati ya vidole, na hii inaweza kukaa miaka bila hayo. Mkono unaopata mara nyingi ndio unaokuna miguu na kuchokoa kucha. Mwulizeni mama huwa anatumia upi.

Betamethasoni ndiyo imevuruga picha. Inatuliza wekundu kwa kupunguza kinga ya ngozi, na chini yake fangasi anajitanua kwa raha zake.

Mti_Mkavu
Anatumia wa kulia, nimemwuliza sasa hivi. Hicho kipimo kinafanywaje?

Hadubini
Wanakwangua magamba kwa kisu butu cha maabara, pembeni pale ugonjwa unapoendelea kusambaa. Katikati pa kisigino hapafai, hapo ni ngozi mfu nene na mara nyingi haina kitu. Kwenye kucha wanachukua unga ulio chini yake, si ncha iliyokatwa tu. Magamba yanawekwa kwenye kioo na tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20, ngozi inayeyuka, kisha wanatafuta nyuzi za fangasi kwa hadubini. Ngozi ya wayo ni nene, kwa hiyo anayeharakisha kusoma anaona ukungu mtupu na kuandika "hakuna". Kuotesha maabara kunaweza kuchukua wiki nne.

Asipake krimu yoyote ya fangasi kwa wiki mbili kabla ya kipimo, itaficha majibu. Na jibu la "hakuna" mara moja halifungi kesi ikiwa dalili ziko wazi kiasi hiki. Rudieni.

Sista_Zamu
Naongeza jambo ambalo lisisubiri: sukari. Kisukari huharibu neva zinazoendesha jasho, miguu inakauka, na fangasi nao wanapenda mwili wenye sukari. Sukari ya damu kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L au zaidi ni ya kisukari, na hurudiwa siku nyingine kuthibitisha. Kama pia anasikia baridi kuliko wenzake, ananenepa na nywele zinakatika, apimwe tezi ya shingo.

Mpaka sukari ijulikane, marufuku maji ya moto. Mguu uliokufa ganzi unaungua bila mwenyewe kujua. Maji ya vuguvugu, dakika 10 hadi 15, yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwingine.

Nyufa zinazotoa damu: osha, kausha kwa kugusagusa, bandika plasta kukatiza ufa ili kingo zikaribiane. Sehemu nene zisizo na kidonda, krimu ya urea (ya kulainisha ngozi) ya asilimia 25 usiku. Mikononi ya asilimia 10 inatosha. Apake ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu baada ya kunawa, ila katikati ya vidole vya miguu asipake. Mguu ukivimba, ukiwa wa moto au ukitoa usaha, aende hospitali siku hiyohiyo.

Kibwagizo
Nimeelewa, nimekubali. Na wembe wa kupunguza ile ngozi nene?

Sista_Zamu
Hapana! Wembe hauoni ngozi mfu inapoishia. Jiwe, taratibu, kwa kusugua kuelekea upande mmoja, na jiwe hilo asiazime mtu.

Ukurutu_Sugu
Kwa wasomaji wengine wenye mikono iliyopasuka, msikimbilie wote dawa ya fangasi. Tazameni ilipoanzia. Ikianzia chini ya pete na katikati ya vidole kwa mtu anayeshika sabuni kutwa, mara nyingi ni sabuni inayokula ngozi. Ikiishia kwa mstari kwenye kifundo cha mkono, shukuni glavu za mpira. Juu ya mguu, pale mkanda wa kiatu unapogusa, shukuni ngozi ya kiatu chenyewe. Hapo kipimo ni cha viraka: vinabandikwa mgongoni saa 48, vinasomwa vikitolewa na tena siku ya tatu au ya nne. Usomaji wa pili ndio watu wanaouruka, na mzio mwingi hujitokeza hapo.

Mabaka yenye ukingo mkali na magamba mazito, pamoja na vishimo kwenye kucha: soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza. Kuwasha usiku, na watu wa nyumba nzima wanajikuna: upele wa kuambukizana (skabisi). Vipele visivyowasha kwenye viganja na nyayo kwa pamoja: pima kaswende, usione aibu.

Mti_Mkavu
Shukrani sana. Swali la mwisho: betamethasoni aiache leo, au apunguze kidogokidogo? Na majibu yakiwa fangasi, krimu itatosha?

Hadubini
Kwa muda huo, na kwenye nyayo, aache leo. Wekundu unaweza kurudi siku chache, asiogope na asiirudie. Asinunue pia zile krimu za "tatu kwa moja", steroidi imo humo humo.

Krimu peke yake hupenya kwa shida kwenye wayo mnene, na kwenye kucha ndiyo kabisa. Daktari huenda akampa vidonge vya terbinafini (dawa ya fangasi), miligramu 250 kwa siku. Kwa kucha za miguu kwa kawaida ni wiki 12, na ini hupimwa kwanza. Siku ya kwenda, abebe tyubu ya betamethasoni mkononi, na asipake rangi ya kucha.