Evangelion: nimefika episodi ya 24, niangalie mwisho upi? Wa TV, muvi ya 1997 au zile nne mpya?

kaptula_nyekundu
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja. Jana usiku nimemaliza episodi ya 24 ya Evangelion, ile katuni ya Kijapani ya maroboti, usingizi haukuja kabisa, na kabla sijagusa ya 25 jamaa mmoja kazini kaniambia nisiiangalie, eti mwisho wenyewe uko kwenye muvi. Mwingine akadakia achana na vyote viwili, chukua zile muvi nne mpya. Sasa mshikaji anayetuuzia muvi huku mtaani anazo zote ila anauza kwa paketi, paketi ya zamani mbali, paketi ya zile nne mbali, na kesho nikitoka kazini nampitia. Nichukue ipi? Msinimwagie mchele tafadhali.

fundi_redio
Mkuu umeuliza nusu. Unaangalia kwa sabutaito au dabu? Kwenye simu au TV? Na hizo episodi za 21 mpaka 24 ulizoangalia ni zile zilizorushwa 1996 au zile ndefu walizoziongezea vipande baadaye kwa ajili ya kanda za kuuza? Maana zile ndefu ndizo zinazokuandaa kwa muvi, kuna mambo ya SEELE (lile kundi la siri) na ya wazazi wa Shinji, yule dogo rubani, ambayo kwenye TV hayakuwepo. Jibu hayo kwanza ndio tuongee.

Bibi_wa_Shamba
Angalia 25 na 26, tena zote mbili usiku mmoja, na usinunue chochote mpaka umezimaliza. Mbona swali jepesi hili.

mlinzi_wa_geti
Bibi usimpoteze mtoto wa watu. Zile mbili za mwisho ni utapeli. Unakaa na watu tangu Oktoba 1995 mpaka Machi 1996, umeona malaika (yale madude yanayoshambulia) wanashuka, umeona mji unazama chini ya ardhi na maghorofa yake, unasubiri kujua NERV, shirika linalopigana nao, itaishaje, halafu unaletewa kiti, taa moja juu, na mtoto anaulizwa maswali kama yuko polisi. Kisha watu wanapiga makofi. Wanapiga makofi!! Hela ziliwaisha waseme tu ziliwaisha.

fundi_redio
Hela siyo, muda. Gainax, studio iliyoitengeneza, walikuwa wanakimbizana na ratiba ya TV Tokyo, mwishoni wanamalizia episodi huku siku ya kurusha imeshafika mlangoni. Ndio maana unaona picha zilizoganda, michoro ya penseli, hata kurasa za skripti zimewekwa hivyo hivyo. Hizi habari za hela kila mtu anazirudia kwa sababu alizisikia kwa mwenzake.

mlinzi_wa_geti
Muda ni hela.

Bibi_wa_Shamba
Na mimi nakwambia hata wangepewa mwaka mzima bado ile ya 26 ingekuwa nzuri kuliko pambano lolote. Kuna sehemu Shinji anawekwa kwenye ukurasa mweupe, hakuna kitu, anaelea tu, hana juu hana chini, anaambiwa huo ndio uhuru. Anaogopa. Basi wanamchorea mstari mmoja chini ya miguu. Mstari mmoja tu! Sasa ana sakafu, anaweza kusimama, lakini kuelea tena hawezi, kapewa pa kusimama kanyang'anywa kitu. Yaani penseli moja na karatasi, na mimi nilisimamisha nikaenda kukaa uani kidogo. Nyie endeleeni kuhesabu malaika.

Nyota_ya_Nakuru
Bibi uko deep lakini huyu kijana anataka mwisho, hataki counselling. Wewe chukua End of Evangelion, ya Julai 1997, dakika themanini na saba hivi, finito. Pale Asuka, yule rubani msichana, anaamka ndani ya roboti lake Eva 02 chini ya maji, wanamkatia kebo ya stima, betri imebaki dakika tatu na nusu na mbele yake kuna Eva nyeupe tisa zinashuka na mabawa. Anapiga hesabu mwenyewe, sekunde ishirini kila moja. MAZE. Hakuna fight imewahi nifanya nisimame mbele ya TV kama hiyo, na anaanza na ya kwanza anaipasua katikati kama

kaptula_nyekundu
Jamani si nimesema msinimwagie mchele??

Nyota_ya_Nakuru
Pole buda, hiyo ni ya katikati, sijasema inaishaje.

fundi_redio
Umesema asilimia kubwa. Futa.

Nyota_ya_Nakuru
Kitu ya 1997 imeshakuwa mzee inaweza kuoa, spoila gani hapo.

selemala_wa_usiku
Mimi nasema jambo moja kuhusu hao wauza muvi wa mtaani maana yamenikuta. Kipindi niko chuo kulikuwa na kibanda jirani na hosteli, unaenda na flashi yako jamaa anakujazia. Nikamwambia nataka mwisho wa Evangelion, ule wa muvi. Akatafuta kwenye kompyuta yake akapata faili, akaniuliza hii hapa? Jina limeandikwa Evangelion na mwaka 1997, nikasema hiyo hiyo. Nimefika rumu, nimepika wali wangu, nimewaita washkaji wawili ambao hawajui chochote nikawaambia leo mtaona. Saa nzima ya kwanza ni vipande vya episodi za nyuma, vimechanganywa, mara Shinji ana chelo, mara Rei yule rubani mwenzake, mara mwaka huu mara mwaka ule, washkaji wananiangalia. Nikawaambia subirini. Kweli baadae ikaanza kitu kipya, jeshi linavamia makao, risasi, Misato yule bosi wao anakimbia, tukakaa sawa. Asuka kaamka, Eva nyeupe zimetokea angani zinazunguka kama tai, mimi nimeshika sahani sijui hata kama ina wali… yakaanza kupita majina ya waliotengeneza. Imekwisha. Nikajua faili limekatika. Nikarudi kibandani kwa hasira nikamwambia umenipa kitu kibovu, akanijazia tena, nikarudi, ikaishia pale pale! Nikaenda mara ya tatu tukataka kugombana, anasema flashi yangu ndio ina virusi, mimi nasema kompyuta yake. Tulinuniana muhula mzima. Nimekuja kujua baadae sana kwamba ile ni Death & Rebirth, ilitoka Machi 1997, na inaishia pale kweli kwa sababu ile muvi kamili walikuwa hawajaimaliza, wakawaonyesha watu kilichokuwa tayari, nyingine njooni Julai. Kwa hiyo mkuu ukienda kesho mwambie afungue faili mbele yako, usiangalie jina, nenda dakika za mwishoni.

mlinzi_wa_geti
😂😂😂 Wajapani nao walilipia sinema wakaonyeshwa hiyo hiyo, wao hawana hata wa kununiana naye

gati_namba_nne
Nimechelewa ila nashangaa hakuna aliyezungumzia zile nne kwa heshima yake. 2007, 2009, 2012, 2021. Anno, mwongozaji wake, alianzisha studio yake Khara, akairudia hadithi upya. Ya kwanza ni kama episodi sita za mwanzo zimepakwa rangi mpya, hapo watu wengi huchoka wanasema mbona ni ile ile. Ya pili inaanza kukata kona. Ya tatu sikuambii kitu, utaona kama umeruka sizoni nzima na hakuna anayekuelezea, vumilia tu, hata Shinji mwenyewe haelezwi. Ya nne ni masaa mawili na dakika thelathini na tano na robo yake ya mwanzo watu wanalima. Ndiyo, wanalima mpunga, kuna kijiji, kuna mtu anashika tope mara ya kwanza anashangaa, kina mama wanamfundisha kupandikiza. Mimi ni mtoto wa Kyela, nimeangalia ile sehemu nikasema huyu mzee kumbe anajua kitu. Ule wa 1997 alikuwa na hasira na mashabiki, barua za matusi walizomwandikia kaziweka mle mle ndani ya muvi zinapita kwa kasi. Huu wa 2021 ni mtu aliyeugua, akapona, anaaga. Baada ya ile ya tatu alianguka kwenye sonona kali, aliisema mwenyewe, akaenda kwanza kufanya Shin Godzilla ya 2016 ndio akarudi kumalizia.

Bibi_wa_Shamba
Umesema vizuri ila huo si mwisho wa hadithi aliyoiangalia yeye. Ni hadithi nyingine yenye sura zile zile. Yeye kaacha watu wake kwenye episodi ya 24, wale ndio anaowadai.

gati_namba_nne
Hapo tutakesha Bibi. Kuna vitu kwenye ya nne havina uzito wowote kama hujapita kote kwa nyuma, ni ile ile inaendelea, anayejua kuangalia bahari nyekundu anajua.

Nyota_ya_Nakuru
Na yule Mari je? Msichana ameingia kwenye muvi ya pili, hatumjui, anaimba imba akiwa kwa Eva, na mwisho ndio anapewa

fundi_redio
NAKURU!!!

Nyota_ya_Nakuru
sawa sawa nimenyamaza

mlinzi_wa_geti
Mari hana kosa, kosa ni la nyie mliopigania Asuka na Rei kwa miaka ishirini na tano kama mmelipa mahari.

kaptula_nyekundu
Nimerudi wakuu, kazi zilibana. Kujibu fundi: naangalia kwenye TV kwa flashi, sabutaito. Hizo za 21 sijui ni zipi, nitajuaje? Netflix sina. Halafu nilisahau kusema, naangalia na mdogo wangu, yuko darasa la saba, ndiye aliyenianzishia hii kitu tangu mwanzo alipoona picha ya lile roboti la zambarau.

Bibi_wa_Shamba
Ungesema hilo kabla hatujaandika magazeti yote haya baba.

fundi_redio
Basi 1997 imetoka mezani. Mwanzoni kabisa, hospitalini, kuna jambo Shinji analifanya pembeni ya kitanda, utatafuta rimoti huipati. Na damu zake siyo za katuni, wanajeshi wanaua wafanyakazi wasio na silaha korido kwa korido. Angalia wewe mwenyewe usiku, dogo akilala.

kaptula_nyekundu
Lakini 24 zote kaangalia na hajashtuka? Mimi ndio nimekosa usingizi, yeye kaniuliza tu kwa nini Eva ikae na yule mvulana mkononi muda wote ule haitikisiki, akadhani flashi imeganda.

selemala_wa_usiku
😂 Hiyo kila mtu kadhani imeganda. Kama dakika nzima ya picha moja na Beethoven nyuma. Mimi niliigonga flashi.

gati_namba_nne
Kwa dogo chukua zile nne bila kufikiri mara mbili. Zina ukali wake hasa ya pili, lakini zinamfikisha sehemu salama, na picha zake kwenye TV kubwa utafurahi.

mlinzi_wa_geti
Masaa saba na ushee na mtoto wa darasa la saba mwaka wa mtihani. Mama yake anajua?

jini_la_bando
Samahani natoka nje ya mada, hivi hakuna DJ aliyeingiza sauti ya Kiswahili hii Evangelion? Sabutaito zinanichosha macho, zinapita haraka.

fundi_redio
Mungu atuepushie. Pale Shinji yuko kimya kwenye lifti DJ atasema nini? "Oyaaa dogo kawaza hapaaa"?

jini_la_bando
Mbona Wakorea wanatafsiriwa na tunalia vizuri tu. Bibi yangu mzaa mama kafuatilia sizoni tatu za Wakorea kwa sauti ya DJ na kila jina analijua. Nyie mnaona sabutaito ndio usomi.

Nyota_ya_Nakuru
Kwa fight DJ ni mtamu, msidanganyane. Hiyo dakika tatu na nusu ya Asuka na commentary, wacha kabisa.

fundi_redio
Na Gendo je, baba yake Shinji, mwenye sentensi nne episodi nzima? DJ hawezi kukaa kimya, kukaa kimya ndiyo kazi yenyewe hapa.

jini_la_bando
Gendo mpeni yule anayesoma matangazo ya vifo redioni, anamfaa.

Bibi_wa_Shamba
Hapo umenichekesha 😂 na ni kweli.

mlinzi_wa_geti
Tukiwa hapo hapo nje ya mada, kitu ambacho sijawahi kuelewa ni hiyo kebo. Silaha ya kuokoa dunia inachomekwa kwenye umeme, ikichomoka una dakika tano, ukitumia nguvu zote dakika moja. Na wanazima Japani nzima kwa ajili ya risasi moja! Hiyo huku kwetu malaika angekuta tumeshazimiwa tangu asubuhi.

selemala_wa_usiku
Operesheni Yashima hiyo. Ndiyo episodi yangu bora, ya 6. Na yenyewe imo kwenye muvi ya kwanza ya zile nne, na kule wameipendezesha zaidi, yule malaika wa buluu anajikunja kunja kama karatasi.

gati_namba_nne
Asante. Angalau mmoja kakubali.

selemala_wa_usiku
Nimekubali ya kwanza tu, usinisogeze.

kaptula_nyekundu
Wakuu nimempigia yule muuzaji. Anasema paketi ya zamani ina "muvi mbili za mwisho" na zile nne anazo tatu, ya nne anasubiri mtu amletee. Sasa?

fundi_redio
"Muvi mbili za mwisho" ndio Death & Rebirth na End of. Muulize selemala.

selemala_wa_usiku
Usinitie kwenye hilo. Fungua faili mbele yake.

gati_namba_nne
Tatu bila ya nne usinunue!! Bora usianze kabisa. Ya tatu ikikuachia pale itakusumbua, sisi tulikaa hivyo 2012 mpaka 2021. Muvi ya nne iko Prime Video tangu Agosti 2021, tafuta ndugu mwenye akaunti.

Bibi_wa_Shamba
Na wakati mnatafuta ndugu mwenye akaunti, ya 25 na ya 26 ziko kwenye flashi yako tayari umeshazilipia. Mwite dogo mkae.

mlinzi_wa_geti
Bibi hachoki.

kaptula_nyekundu
Dogo kaangalia ya 25 mchana peke yake nikiwa kazini. Nimemuuliza imekuaje kasema "walikuwa wanaongea tu". Ya 26 kasema ananisubiri.

Nyota_ya_Nakuru
Umeibiwa mwisho na mtoto wa class seven 😂😂

jini_la_bando
Kaptula, ukifika kwa huyo muuzaji niulizie kama ana Nadia, ile katuni ya Anno ya 1990, zote 39. Mimi natafuta tangu mwaka jana.

fundi_redio
39 zote za nini, zile za kisiwani mwambie aziache, zitakula nafasi ya flashi bure.

jini_la_bando
Mimi nataka mpaka za kisiwani.